Mikono inakakamaa na kazi yangu ni chapati: nikiacha ngano, baridi yabisi itapona?

Mpishi Ngamiani (Tanga)

Assalamu alaikum na habari za jioni ndugu zangu.

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Ngamiani hapa Tanga. Tangu 2012 nauza chapati na maandazi asubuhi mbele ya nyumba. Unga naukanda mwenyewe, kilo nane hadi kumi kwa siku, na kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu wawili.

Mwaka jana mwezi wa pili vidole vikaanza kuuma. Nikasema ni uchovu wa kukanda. Baadaye ikawa nikiamka saa kumi alfajiri siwezi kukunja ngumi. Naloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto mpaka ifunguke, na siku nyingine inapita saa nzima na nusu, moto wa jiko umeshawaka na mimi bado nimekaa. Viungo vya vidole vikavimba mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, kisha vifundo vya mikono, kisha nyayo. Nilitibiwa malaria. Nikatibiwa taifodi. Nikachomwa sindano za maumivu dukani sijui ngapi. Mwezi wa tisa ndipo nikafika kwa daktari wa viungo, akapima damu, akaniambia hii ni baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe, si ile ya uzee. Akanianzishia methotreksati ya kutuliza hiyo kinga, vidonge vinne kila Jumapili, asidi ya foliki, na prednisoloni kidogo, ile dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe.

Nafuu nimepata, sisemi uongo. Sasa nakakamaa kama dakika arobaini tu. Lakini Jumatatu yote ni kichefuchefu, na hofu ya kumeza dawa hizi maisha yangu yote inaninyima usingizi.

Sasa wiki iliyopita binamu yangu kaja na bwana mmoja anayeuza unga wa lishe. Anasema ugonjwa huu wote unatokana na chakula, eti utumbo wangu unavuja sumu. Niache ngano, maziwa, sukari, nyama, maharage, nyanya, bilinganya, pilipili na viazi. Ninywe unga wake miezi mitatu kwa shilingi laki tatu na nusu. Na dawa za hospitali niziache siku hiyo hiyo, la sivyo unga haufanyi kazi. Kanionyesha kwenye simu picha za watu waliopona.

Naomba aliyepitia aniambie ukweli. Kuna mtu amebadilisha chakula akaona tofauti? Ngano kweli ndiyo inayonila vidole? Na kama ndiyo, mimi ambaye kuanzia alfajiri nimo ndani ya unga wa ngano mpaka viwiko, nitaishije?

Hela sijampa. Anarudi Ijumaa.

Mkulima wa Katani

Pole sana dada yangu. Hilo tatizo nalijua, mimi lilinishika dole gumba la mguu, usiku hata shuka likigusa napiga kelele. Acha nyama nyekundu, maini, maharage na dagaa, na pombe kama unatumia. Kunywa maji mengi. Mimi nimefanya hivyo na mwaka huu halijanirudia.

Bi Mkadi (Likoni)

Waalaikumu salaam mwanangu. Maneno yako nimeyasoma mara mbili. Mimi niko Likoni, Mombasa, nina miaka 58, na ugonjwa wako huo huo ninao tangu 2011. Nitaandika kirefu, kwa sababu mtu kama huyo wako wa Ijumaa alikuja kwangu pia. Wangu alikuja na chupa badala ya unga, na mimi pesa nilimpa.

Kwanza nimjibu ndugu wa Katani kwa heshima. Ndugu yangu, lako ni jongo, wengine huita gauti. Hilo huletwa na asidi ya yuriki inayoganda kwenye kiungo, na kweli chakula kina mkono wake hapo. La huyu dada ni jingine kabisa. Akiacha maharage na dagaa kwa ajili ya yuriki ambayo si shida yake, atakuwa amejinyima chakula bora na cha bei nafuu bila sababu.

Sasa mwanangu, ilikuwa 2014. Niliacha dawa miezi mitano. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mwepesi kama msichana, nikawaambia watu wote mtaani nimepona. Nilikuwa nimeacha mahamri, soda na vya kukaanga, kilo nne zikanitoka, na ile chupa sijui ilikuwa na nini. Daktari aliniambia baadaye kwamba dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimetiwa steroidi kwa siri, ndiyo maana mtu huona nafuu ya haraka. Mwezi wa nne goti likajaa maji. Kidole cha mwisho na cha pili yake, mkono wa kulia, vikaanza kulala upande wa nje. Nilipopigwa picha mfupa ulikuwa umeshaliwa pembeni. Vidole hivyo havikurudi mpaka hii leo, kijiko nakishika kwa vitatu vilivyobaki. Dawa nilirudishiwa na uvimbe ukatulia, lakini mfupa ule haukuota tena.

Kwa hiyo kuhusu Ijumaa jibu langu ni hilo. Dawa usiache. Kichefuchefu kina njia zake, mwambie daktari wako waziwazi. Wangu alinihamishia dozi usiku baada ya kula, nikalala nacho badala ya kushinda nacho.

Lakini sikwambii kwamba chakula si kitu. Kimenisaidia, na nataka nikweleze kilivyonisaidia hasa, maana watu huruka kwenye kusema «acha hiki, acha kile» bila kupima.

Nilichukua daftari la shule la mwanangu. Kila siku naandika mambo matatu: nimekula nini, mkono umefunguka baada ya dakika ngapi, na kama nimeweza kufungua kifuniko cha chupa ya chai bila kumwita mtu. Hicho kifuniko ndicho kipimo changu mpaka leo. Kisha nikawa naondoa chakula kimoja tu kwa wiki tatu, halafu nakirudisha siku tatu mfululizo nione. Kimoja. Ukiondoa kumi kwa pamoja kama anavyotaka huyo bwana, ukipata nafuu hutajua ni kipi, na usipopata utakuwa umekonda bure, nawe una ugonjwa unaokula nyama za mwili tayari.

Ngano: kwangu hakuna kitu. Niliiacha wiki tatu, dakika zilikuwa zile zile, nikairudisha, zile zile. Nyanya, bilinganya na pilipili: hakuna kitu. Nilipikia ukwaju na embe bichi siku zote hizo, mchuzi ulikuwa mtamu, lakini mikono haikujua tofauti. Maziwa: hakuna, na nilijuta kuyaacha, kwani prednisoloni inadhoofisha mifupa, na maziwa na dagaa wa kuliwa na miba yao ndiko ninakopata chokaa ya mifupa.

Kilicholeta tofauti ni sukari, soda na kukaanga, ila sidhani vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vikiwasha viungo. Nilipovipunguza nilishuka kutoka kilo 86 hadi 77 kwa mwaka na nusu, na magoti yakapumua. Pia sukari ya damu, ambayo ilikuwa imeanza kupanda kwa sababu ya prednisoloni, ikashuka.

Na samaki wa mafuta. Hapa pana utafiti wa kweli. Waliopewa mafuta ya samaki ya omega 3, karibu gramu 3 kwa siku kwa miezi mitatu au zaidi, walipungukiwa maumivu na ule ukakamavu wa asubuhi, si kwa kiasi kikubwa lakini walipungukiwa. Kipande cha samaki hakifikishi kiasi hicho, nalijua hilo. Hata hivyo nilianza kula vibua mara tatu nne kwa wiki, jodari nikijaliwa, vya kuchoma kwa makaa na ndimu. Vibua ni samaki wa mtu wa kawaida, huhitaji laki tatu. Baada ya miezi mitatu daftari likaonyesha nimetoka dakika hamsini hadi thelathini. Siwezi kuapa ni vibua, kwa kuwa mwaka huo huo daktari alinipandishia methotreksati. Nakwambia kama ilivyo.

Asubuhi bado nakula mbaazi za nazi, nani Mombasa ataacha mbaazi? Ila natumia tui la pili, kasimile nimeiachia sikukuu, na badala ya mahamri naweka muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu. Mahamri ni Ijumaa, mawili. Mchicha, mnavu, majani ya kunde kila siku bila kukosa. Manjano natia kwenye chakula kama alivyotia nyanya yangu. Kuyameza kwa vijiko kama dawa sijawahi, na kama ukitaka kufanya hivyo muulize daktari kwanza.

Halafu swali lako la unga. Naona umeunganisha mambo mawili: ngano inayoingia tumboni na ngano iliyo mikononi. Mimi ningeogopa zaidi ya mikononi. Kilo kumi za kukanda kila alfajiri, saa ile ile viungo vimevimba na havijafunguka, hiyo ni kazi ya kuviumiza, uwe unakula chapati au huli. Fikiria vitumbua. Mchele unalowekwa, unasagwa, unatiwa hamira na iliki, unapigwa kwa mwiko na kumiminwa. Hakuna kukanda. Watu wa Tanga mnavipenda, na unga ule ule usiku mmoja unaumuka wakati wewe umelala.

Mtumbatu Oslo

Shikamoo Bi Mkadi. Dada wa Ngamiani, pole.

Mimi ni mtu wa Tumbatu, naishi Oslo mwaka wa kumi na nne, na ugonjwa wangu ni wa ngano kweli, siliaki. Nao ni ugonjwa wa kinga ya mwili: nikila ngano, shayiri au rai (nafaka ya huku Ulaya), kinga inaharibu utumbo wangu mdogo. Dawa sina, chakula ndiyo matibabu yote. Aliyelifungua jambo hili ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye alikuwa akishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi ilishikwa na njaa, mkate ukaadimika, na watoto wagonjwa wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua.

Nadhani watu husikia habari kama hii ya kwetu wakaitandaza juu ya kila ugonjwa wa kinga. Siliaki na baridi yabisi si kitu kimoja. Kuna wenye baridi yabisi ambao wana siliaki pia, ndiyo maana kama una tumbo la kuharisha la muda mrefu, unapungua uzito au damu haipandi, omba upimwe. Na hili ndilo hasa nililotaka kuandika: pima kabla hujaacha ngano. Ukishaacha miezi kadhaa kipimo cha damu kinaweza kusoma huna, na hutajua ukweli mpaka uanze kula tena uumie. Mimi ilinigharimu wiki sita za kula mkate kwa makusudi huku nikiumwa.

Kuhusu baridi yabisi yenyewe, hapa Norway kuna utafiti maarufu uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1991. Wagonjwa 27 walifunga siku saba hadi kumi, wakinywa supu za mboga na juisi, kisha wakala vya mimea tupu bila ngano kwa miezi mitatu na nusu, kisha wakaongezewa maziwa mpaka mwaka ukaisha. Wengine 26 waliendelea na chakula cha kawaida. Wale wa mboga maumivu yalipungua, uvimbe ukapungua, hata vipimo vya damu vikashuka. Lakini walikuwa watu wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, kitu ambacho kwenye maumivu kina uzito. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2022, kilipendekeza chakula cha namna ya nchi za Mediterania: samaki, mboga, kunde, mafuta ya zeituni, nafaka zisizokobolewa. Tena kwa tahadhari, na pamoja na dawa. Ukikiangalia chakula hicho, samaki na mboga na kunde, si mbali sana na alichoandika Bi Mkadi.

Bi Mkadi (Likoni)

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha na habari ya kufunga. Ramadhani siku kumi za mwanzo mimi huwa mwepesi kweli, mpaka kaimati na viazi vya nazi vya futari vinirudishe. Dawa ya wiki naimeza usiku baada ya kula, daktari anajua.

Mfamasia Dodoma

Naongeza upande wa dawa tu, maana hapa ndipo watu wanapoteza maisha.

Methotreksati ni mara moja kwa WIKI. Nimeshaona mama aliyemeza kila siku kwa kufikiri ni kama dawa nyingine, akaletwa mdomo wote vidonda na damu imeshuka. Chagua siku, iandike kwenye boksi. Asidi ya foliki kwa kawaida inamezwa siku nyingine, nayo ndiyo inayopunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, kwa hiyo dada hakikisha unaimeza kweli, wengi wanaidharau kwa sababu ni kidonge kidogo cha bei ndogo.

Usinywe kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrin, ukiwa kwenye methotreksati. Zikikutana zinaweza kuzima uboho unaotengeneza damu. Muuzaji wa duka la dawa anaweza kukupa kwa kikohozi au njia ya mkojo bila kukuuliza. Sema mwenyewe kabla hujauliza bei.

Prednisoloni usiikate ghafla hata siku moja, hata kama mtu wa unga amekuambia. Mwili unakuwa umezoea kuipata nje na umeacha kutengeneza ya kwake ya kutosha, ukikata unaweza kuanguka. Inapunguzwa polepole na daktari. Punguza chumvi, maana inakusanya maji na kupandisha presha.

Na kama kuna uwezekano wa ujauzito, ongea na daktari mapema sana. Methotreksati inaharibu mimba, inaachwa miezi kadhaa kabla. Damu, ini na figo vipimwe kwa ratiba uliyopewa. Pombe hapana.

Kuhusu huo unga, mwombe akuandikie majina ya vilivyomo. Asipoweza, umeshapata jibu.

Mkulima wa Katani

Nimewaelewa. Dada nisamehe, nilidhani maumivu ya viungo ni ugonjwa mmoja. Endelea na dagaa wako.

Mpishi Ngamiani (Tanga)

Ndugu zangu, zimepita wiki tisa, nimerudi kuwapa habari kwa sababu mlinibeba.

Yule bwana alirudi Ijumaa. Nilimwomba aniandikie vilivyomo kama alivyosema mfamasia. Akasema ni siri ya kampuni. Binamu yangu kaninunia mpaka leo, na hilo linaniuma, maana alikuja kwa nia njema.

Nilienda kliniki nikasema yote, hata kwamba asidi ya foliki nilikuwa naisahau. Kweli nilikuwa naisahau. Nimeipangia Jumatano, na methotreksati nameza Jumapili usiku baada ya chakula. Kichefuchefu kimebaki kidogo tu, Jumatatu asubuhi, kufikia adhuhuri kimekwisha. Dozi imepandishwa hadi vidonge sita. Siliaki nilimuuliza daktari, akaniuliza maswali ya tumbo na uzito, akasema kwangu haoni dalili.

Daftari ninalo. Nilianza na soda na chai ya sukari vijiko vinne, sasa kimoja. Ngano niliiacha wiki tatu nikairudisha siku tatu kama alivyonifundisha Bi Mkadi. Siku za kurudisha nilikakamaa dakika 35, wiki za kuacha 35. Nililia, mniamini. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia kitu kilichonilisha miaka yote hii.

Kukanda lakini nimeacha. Nimemchukua kijana wa jirani, anakanda kilo nne alfajiri, mimi nakata na kusukuma nikiwa nimekaa, mikono ikiwa imeshafunguka. Na vitumbua nimeanza, Bi Mkadi! Kila siku mchele kilo mbili, vinaisha kabla ya chapati. Faida imepungua kidogo kwa sababu ya kumlipa kijana, lakini jana usiku nilifungua kifuniko cha chupa ya chai peke yangu, nikamwita mume wangu aje aone.

Nina swali moja limebaki. Vibua havipatikani kila siku hapa, nanunua dagaa wa kukausha kutoka Mafia, na wana chumvi sana. Mfamasia kasema chumvi nipunguze. Niwafanyeje?

Bi Mkadi (Likoni)

Alhamdulillahi, mwanangu. Alhamdulillahi.

Dagaa waloweke kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, mwaga, rudia maji mengine, mwaga tena, kisha waoshe mara ya mwisho ukiwasugua taratibu kwa viganja, si kwa vidole. Chungu chenyewe usikitie chumvi hata chembe. Tia ndimu na kitunguu kingi, na embe bichi kama msimu wake umefika huko.